Mwiko wa Marehemu Uwesu

Jumatatu, 31 Agosti 1981

Daftari hili nimepewa kwenye darasa la elimu ya watu wazima. Mwalimu Theopista kaandika ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu: Pantaleo, mwandiko wako umelala chali, andika kila siku utanyooka. Haya. Naandika. Hasomi maneno, anatazama mistari tu, kwa hiyo nitasema kweli.

Habari mbaya. Bi Zamzam, mama mwenye nyumba, kaniita ukumbini mbele ya wapangaji wote. Kasema chumba changu cha uani ni chumba cha fundi. Tangu enzi za marehemu mumewe, Mzee Uwesu, anayelala humo ndiye anayetunza kuta za nyumba nzima. Mimi nimelala humo miezi minane na sijaziba hata ufa. Kweli. Lakini ndiyo aseme mbele za watu?

Jumapili bintiye Sitara anaolewa. Atakaa kwenye mkeka chumba kikubwa cha mbele, mgongo ukutani, wageni wamtazame. Na ukuta wenyewe ni aibu. Mzee Uwesu aliupiga lipu ya kwanza tu, ile ya kukwaruza, akaapa kwamba niru ya kulainisha ataipiga kwa mkono wake siku Sitara akipata mchumba. Akafa. Miaka sita makwaruzo yake yako palepale. Sasa Bi Zamzam anataka niru laini, kiganja kipite kisikwame. Nikishindwa, Jumatatu natoka na kirago changu, anaingia Tarsis.

Tarsis! Mchaga wa mtaa wa pili, fundi anayelowesha ukuta kama anaogesha kichanga. Anabanana chumba kimoja na kaka yake, shemeji yake na watoto watano. Chumba changu anakiota.

Nikitoka humu sina pa kwenda ila Masasi. Na mke wangu Paskalina anajua nimejenga nusu ya maghorofa ya Posta, maana nilimwandikia mwenyewe. Naogopa kurudi. Basi, nimesema.

Jumanne, 1 Septemba

Siku ya mipango. Nimeamka na akili.

Saruji: mjumbe wa nyumba kumi katoa kibali cha mfuko mmoja, kwa heshima ya harusi. Mfuko umefika umepungua robo. Sikuuliza, na mjumbe hakuniangalia usoni.

Chokaa: uani kuna pipa. Mzee Uwesu aliiloweka mwaka aliozaliwa Sitara, kwa ajili ya ukuta huohuo. Miaka kumi na tisa majini! Tarsis alipita kumwamkia Bi Zamzam, yaani kupeleleza, akafunua kifuniko akasema chokaa iliyolala hivi ndiyo niru yenyewe, inateleza kama samli. Nilikuwa karibu kusema hivyohivyo. Kwa kuwa kasema yeye, nikasema imeoza.

Mchanga: hapa ndipo penye ufundi. Mchanga wa mto unaletwa na lori, na lori halina mafuta. Nikaazima mkokoteni, nikaenda ufukweni karibu na kivuko cha Magogoni. Mchanga mweupe, mwembamba, umechekechwa na Mungu mwenyewe. Bure! Tarsis kachukua chembe mbili akaziweka ulimini. Mtu mzima analamba mchanga! Akatema, akasema una chumvi, ukuta utalia. Nikamjibu hata mchuzi hutiwa chumvi. Wapangaji wakacheka. Yeye hakucheka. Wachaga hawana utani kwenye kazi.

Mwiko: wangu umejikunja ncha. Lakini mwiko wa Mzee Uwesu unaning'inia kwenye msumari ukumbini, umefungwa kitambaa cheupe. Chuma cha zamani, chembamba, kinanesa. Bi Zamzam huwa anasema usiguswe, mwiko wa fundi ni mkono wake na mwenye mkono hajaaga. Maneno ya mjane. Alipokwenda sokoni kutafuta nazi nikauchukua, na ndani ya kitambaa nikafunga kipande cha ubao kilingane uzito. Nani atajua?

Mpini umelika upande usio wangu. Kidole gumba hakipati mahali pa kukaa. Nitauzoea.

Jumatano, 2 Septemba

Nimepiga! Ukuta mzima, asubuhi moja. Tarsis angekuwa bado analowesha. Mimi nilinyunyizia brashi mara moja, basi, maji yenyewe ni ya foleni. Nikakanda saruji na mchanga wangu mweupe, nikapaka nyembamba, nikangoja ishike kidogo, nikarudi na ubapa wa mwiko kuikandamiza kwa mapinde, ile mizunguko ya nusu duara, moja linapanda juu ya jingine. Kazi ya niru haitaki kusimama katikati, ukisimama alama inabaki. Sikusimama. Hata chai nilikunywa kwa mkono mmoja.

Bi Zamzam kapitisha kiganja. Kasema inaelekea. Kisha akanusa, akauliza nani kafungua pipa la chokaa. Nikasema hakuna. Kweli hakuna. Lakini hata mimi niliisikia ile harufu.

Magharibi nikaweka chemli ubavuni mwa ukuta, mwanga upite kwa kulala, ndivyo fundi anavyotafuta vinundu. Vinundu sikuona. Niliona mapinde. Mimi mapinde yangu huinukia kulia, maana natumia mkono wa kulia. Haya yote yameinukia kushoto. Ukuta mzima! Nikauzungusha mkono hewani mara kadhaa nione nilifanyaje. Haiwezekani. Nikazima chemli.

Macho yamechoka. Chemli yenyewe ina moshi.

Alhamisi, 3 Septemba

Niru imeanguka.

Si yote. Imeanguka katikati, kwa umbo na kimo cha mtu. Mabega yanaonekana, shingo inaonekana, na mkono mmoja umeinuliwa juu, kama mtu aliyesimama kuufikia ukuta. Mkono wa kushoto. Pembeni chumvi imetoka unga mweupe, ukuta unatiririka. Sawa, ile chumvi. Lakini vipande vilivyoanguka havikutapakaa sakafuni. Vilikuwa vimekusanywa juu ya gunia, vimefagiliwa vizuri, kama anavyofanya fundi mwenye adabu zake. Na ile lipu ya zamani palipobaki wazi ilikuwa imeloweshwa. Maji mapya, juu hadi chini, sawasawa. Tayari kupigwa niru.

Bi Zamzam kasimama mlangoni na ushungi wake. Kauliza nani kalowesha. Nikajibu mimi. Ningesemaje? Akasema Mzee naye alikuwa akilowesha hivyo, kabla ya swala ya alfajiri, na mkono wake wa kushoto, maana alikuwa mashoto yule. Akaangalia msumari wa ukumbini na kitambaa chake. Akaangalia tena. Akaenda zake jikoni. Afadhali angenitukana.

Nimepiga upya. Mchanga uleule. Sasa niutupe, na mkokoteni niliusukuma mwenyewe?

Ijumaa, 4 Septemba

Yote chini. Yote! Imefagiliwa. Ukuta umeloweshwa.

Nilikaa kwenye gunia nikalia kidogo. Akilini nilimwona Paskalina kwenye kituo cha basi Masasi, ananisaidia kuteremsha kirago, haniulizi kitu. Hilo la kutoulizwa ndilo litaniua.

Saruji imebaki vikombe viwili. Na Tarsis kaja tena. Kamwambia Bi Zamzam yuko tayari, atatumia ile chokaa ya pipani, akianza leo mchana Jumapili ukuta utakuwa unang'aa. Bi Zamzam kasema amenipa mimi neno lake hadi kesho adhuhuri, na neno ni neno. Mama wa watu ana dini. Lakini Tarsis akabaki anazungukazunguka uani, anagonga pipa kwa kidole.

Ndipo akili ikanirudia. Nikamvuta kando. Nikamnong'oneza kwamba saruji imeshuka Kigamboni, ghala moja nyuma ya msikiti, wanagawa kesho asubuhi, mwenye kulala foleni ndiye atakayepata. Uongo mtupu! Macho yakamtoka. Akashukuru, akanishika mkono, akasema kumbe mimi ni ndugu. Jioni nimemsindikiza hadi kivukoni Magogoni, nikamwona kapanda, nikangoja pantoni ifike ng'ambo. Mshenzi mmoja nimemwondoa.

Mpango wa kesho: nitapaka vikombe viwili vilivyobaki pale katikati tu, halafu nitapigilia kanga sita ukuta mzima. Nitasema ndiyo mtindo mpya wa harusi.

Mwiko nalala nao chini ya mto. Nimeufunga na kamba mkononi. Mkono wa kushoto, maana wa kulia nauhitaji kesho.

Jumamosi, 5 Septemba

Sijui nianze wapi.

Sitara ndiye aliyepiga kelele kwanza. Nikakurupuka nikidhani nyumba inaungua. Chumba cha mbele kimejaa watu. Ukuta umepigwa niru. Kutoka kona hadi kona, sakafu hadi dari. Mweupe. Nilipousogelea nilijiona, kivuli changu kipo ndani. Kiganja kinapita hakikwami popote. Hakuna kinundu, hakuna alama ya kusimama. Maisha yangu yote sijaona niru ya namna ile, wala huko Posta.

Sitara alikuwa analia, mikono yake yote miwili juu ya ukuta. Kasema una joto.

Uani pipa la chokaa liko wazi. Limepungua nusu. Kifuniko kimeegeshwa, karai limeoshwa, brashi imeoshwa na kulazwa nywele juu. Mwiko? Mkononi mwangu, kamba bado imefungwa. Unadondosha maji. Na mkono wangu wa kushoto unauma kuanzia bega hadi ncha za vidole, na kuna chokaa chini ya kucha.

Watu wote walikuwa wananiangalia. Bi Zamzam kauliza kwa sauti ndogo kama ni mimi. Nikafikiri haraka. Tarsis yuko Kigamboni, nilimpeleka mwenyewe. Wapangaji hawajui hata kukoroga uji. Amebaki nani? Mimi. Yaani niliamka usingizini, nikapiga, nikarudi kulala! Ndiyo maana sikumbuki. Wengine huota, mimi nafanya kazi. Nikasema ndiyo, ni mimi, nilitaka kuwashtukiza.

Bi Zamzam akaufungua mwiko mkononi mwangu. Alijua. Nilidhani atanifukuza palepale. Akaubusu. Akanirudishia.

Tarsis karudi saa kumi. Na mifuko miwili ya saruji! Ghala lipo! Nyuma ya msikiti! Nililitunga mimi, kichwani mwangu, na lipo! Kasema alikuwa wa tatu kwenye foleni, Mungu anibariki. Nimekosa hata pa kuweka uso.

Nikampeleka akaone ukuta, angalau nipoze roho. Hakupitisha kiganja. Aliweka chemli ubavuni, akainama, akatazama mapinde kwa muda mrefu. Akaniomba nimwonyeshe natumia mkono gani. Nikamwonyesha. Akavua kofia. Akaniambia chumba kile hata apewe leo bure na kitanda ndani, hakitaki, na akanisihi niurudishe mwiko msumarini kabla jua halijazama, niombe radhi kwa jina la mwenyewe.

Wivu! Wivu wa waziwazi.

Jumatatu, 7 Septemba

Harusi ilifana. Sitara alikaa mkekani, ukuta nyuma yake unang'aa hadi wageni wakawa wanamsifu bibi harusi na ukuta kwa pamoja. Jambo moja tu. Mpiga picha alilalamika kwamba kuna mtu kasimama nyuma ya bibi harusi, aondoke. Hapakuwa na mtu. Alilalamika mara tatu. Bi Zamzam akamwambia apige tu, huyo ana haki yake.

Chumba ni changu! Kaniambia asubuhi hii mbele ya wapangaji walewale. Alileta chai mwenyewe, vikombe viwili. Kimoja mbele yangu, kimoja kushoto kwangu. Akasema chumba ni chenu, mkikae kwa amani. Uzee na uchovu wa shughuli. Nilinywa vyote viwili, ingawa cha pili nilikikuta kimepungua.

Mwiko sirudishi. Kwani nina wazimu? Mjumbe wa nyumba kumi kauona ukuta, anataka wake, na jirani yake anataka, na kuna bwana wa Mnazi Mmoja anataka nyumba nzima. Nimewaahidi wote wiki hii. Nimemwandikia Paskalina aje, aone mumewe alivyo.

Nimejifunza nini? Kwamba nilikuwa na haki tangu mwanzo. Tarsis na kulamba kwake! Ukuta umekataa mara mbili, ya tatu umekubali. Mchanga ulitaka kuzoeana na saruji tu.

Kuna kitu nimekiona sasa hivi. Tangu nianze ukurasa huu kalamu iko mkono wa kushoto. Sikumbuki kuihamisha. Wa kulia umelala mapajani, nauambia uje, hauji. Lakini tazama mistari! Imenyooka, herufi zimesimama, hakuna hata moja iliyolala. Mwalimu Theopista atashangaa. Alisema andika kila siku, na kweli, mazoezi yanasaidia.

Kesho alfajiri nachukua mkokoteni, naenda Magogoni. Ule mchanga wa bure bado upo tele.