Kila Idara na BAADAYE Yake

Kwa heshima na taadhima natangaza: tangu Kamati ya Ufafanuzi wa Kuruka ikae hapa Songea, hakuna mwananchi anayepotea ndani ya kompyuta ya ofisi yetu. Mimi ndiye katibu.

Tatizo lilikuwa dogo. Programu yetu ya kutafuta mafaili inaendeshwa kwa kuandika amri. Amri ya RUKA inaruka folda moja tu, pale ulipoitaja. Amri ya ACHA inaruka kila folda yenye jina hilo, popote ilipo. Watumishi wakawa wanachanganya. Kamati ikakaa, ikanywa chai kwa maandazi, ikafafanua: kuruka na kuacha ni mamoja, tumieni ACHA.

Bosi wetu, Bwana Romanus, akaagiza tuiache folda ya BAADAYE, inachelewesha majibu. Sasa, kila idara ina BAADAYE yake. Ndiko tunakomweka mtu msumbufu. Majibu yakaanza kutoka kabla hujapiga chafya.

Jana akaja Mama Kunegunda wa Lizaboni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maombi yangu ya maji vipi? Mafundi wanafukia mtaro wa mabomba leo jioni. Wakishafukia, mimi nabaki na ndoo yangu."

Nikaandika jina lake. "Hupo, mama."

"Sipo vipi, na nimesimama hapa?"

"Kwa mujibu wa ufafanuzi, asiyeonekana kwenye mashine hayupo. Hilo halina cheo, ni kwa kila mtu."

"Halina cheo. Haya, mtafute na huyo bosi wako."

Bwana Romanus, aliyeketi kando yangu, kikombe mkononi, akatabasamu. "Tafuta, Cornel. Watu wajifunze."

Nikatafuta. Hayupo.

"Basi sogea, baba," mama akasema. "Kiti kiko wazi."

Foleni ikaangua kicheko. Bosi akaniamuru niondoe ile ACHA, upesi. Nikaiondoa. Maombi ya mama yakatoka, yameidhinishwa tangu mwaka jana. Likatoka na faili la bosi: alitakiwa astaafu tangu Juni. Mtu kwenye foleni akamtakia mapumziko mema.

Mama akawapigia mafundi simu wasifukie. Mimi nikajikohoza kikatibu.

"Kamati inasikitika. Haijulikani nani aliwaweka huko."

Mama akageuka akiwa mlangoni.

"We Cornel. Si nilikushikia kikombe cha chai wakati unaniweka huko? Ukaniambia, 'Mama, nakupeleka mahali pazuri.' Na huyu bosi wako alikuwa nyuma yangu, anasubiri zamu yake ya kuwekwa."