Matete ya Kunirudisha Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi. Miaka miwili na ushei tangu niage nyumbani nije kufanya kazi shamba hili la ng'ombe. Mgongo umekwisha. Mke wangu kapiga simu: mtoto ameanza kusema, na anamwita mdogo wangu "baba".

Jumatano, 5 Machi. Bahati! Nyapara katangaza kwamba mvua kubwa zitaubeba mteremko ulio nyuma ya zizi. Atakayepanda matete yakashika, huyo wa kwanza kwenda likizo. Nikanyoosha mkono kabla hajameza mate. Matete ni mali! Ng'ombe anakula, udongo unashikwa, paa linaezekwa, na ukikata yanaota tena yenyewe. Mpishi, tunayelala naye chumba kimoja, akauliza nimewahi kuotesha nini zaidi ya ndevu. Wivu tu.

Jumamosi, 8 Machi. Nimekata mashina. Yamejaa vifundo kama vidole vya bibi mwenye baridi yabisi. Ubaya huo siupandi mimi! Nimeondoa kila kifundo, nikachomeka vipande laini, vilivyonyooka. Mteremko unapendeza kama gwaride. Vifundo nimevimwaga nyuma ya jiko, mpishi ahangaike navyo.

Jumapili, 23 Machi. Msiba. Vipande vimekauka. Nimevimwagilia, nimevibembeleza, nimevitukana. Wapi! Nyuma ya jiko, panapomwagwa maji ya vyombo, kumeota msitu. Nyapara akanieleza polepole, kama anayesema na kiziwi, kwamba tete huchipua kwenye kifundo. Nikamwambia basi msitu ule ni wangu, mzee. Mpishi akadakia kuwa kitanda hakizai haramu: kilichozaliwa jikoni kwake ni chake. Kambi nzima ikaangua kicheko. Mimi nikamkumbuka mwanangu, nikaondoka.

Jumatatu, 14 Aprili. Mpishi kahamishia miche yake mteremkoni, imeshika. Leo kaenda likizo. Nimembebea sanduku mpaka getini, kaniambia pole, ndugu yangu. Pole yake ibaki naye!

Jumanne, 15 Aprili. Nimefufuka! Ng'ombe wameanza kuyavamia matete, na nyapara kaahidi likizo kwa atakayewazuia. Wenzangu wanawaza miiba na waya. Hawana akili. Mimi najenga ua wa matete mabichi, manene, matamu, ng'ombe wakiuona waheshimu. Nimempigia mke wangu: mwezi wa sita nipo mlangoni. Mtoto asizoee.