Mke Wangu Hapiti Njia Yangu

Jumatatu, 6 Februari

Baridi nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Theluji ilianguka usiku kucha. Nilimaliza kusafisha theluji njia yangu yote ya baiskeli kabla mji wa Oulu haujaamka, nikaegesha trekta chini ya daraja la reli, nikamimina kahawa, nikangoja kumpungia mkono mke wangu akienda kazini. Tabasamu nilikuwa nimeshaliandaa.

Hakupita. Walipita walimu, wanafunzi, wauguzi, hata baba mmoja na mapacha wake ndani ya kisanduku cha mbele cha baiskeli. Irmeli hakupita. Kahawa ikapoa na tabasamu likaganda.

Jioni nikamuuliza kwa upole, yaani nikiwa nimekunja uso nusu tu. Akajibu bila kuacha kumenya viazi. Tangu Krismasi anapita njia ya mto. Njia ya mto! Ndefu kuliko yangu, tena inazunguka. Nikataka sababu. Akasema njia yangu inamtikisa meno, ina matuta kama ubao wa kufulia kwa sababu naendesha trekta kama nafukuzwa, na ile ya mto ni laini.

Njia ya mto inasafishwa na Ilmo Saarela. Yuko kampuni nyingine. Ni mgane. Nywele zake zote bado ziko kichwani. Na kila mpanda baiskeli wa mji huu anamsifu kwamba ana mkono mwepesi. Ndoa ya miaka thelathini, na asubuhi mke wangu anaamkia kwa Ilmo.

Viazi nimevisusa. Nimekula baadaye, alipoingia chumbani.

Jumanne, 7 Februari

Nimekwenda kupeleleza. Nikaacha trekta nyuma ya duka, pale njia hizi mbili zinapoachana, nikatembea hadi njia ya Ilmo. Nyeupe. Imeshindiliwa vizuri, imenyooka, haina hata tuta. Nikapiga magoti nikaipapasa. Roho iliniuma.

Ilmo akatokea na trekta yake, akasimama, akafungua mlango. Akaniuliza, mzee Taisto, umepotea njia au umepoteza kitu? Nikasema natafuta glavu yangu. Akaitazama mikono yangu, yote miwili ikiwa na glavu. Hakucheka. Hivyo ndivyo alivyo, hana hata adabu ya kukucheka ili nawe upate kumchukia kwa amani.

Kisha akasema: "Shemeji hajambo? Jana alinipungia mkono."

Shemeji! Mimi na yeye hatukuchangia mama wala bibi. Ushemeji kautoa wapi? Na huko kupungiana mikono kumeanza lini?

Nimepata mpango. Kesho ataona.

Jumatano, 8 Februari

Mpango umefanyika. Ilmo anasawazisha theluji? Mimi nimeiondoa yote. Nimeshusha bapa la chuma la mbele ya trekta hadi chini, nimekwangua mpaka lami, kisha nikamwaga chumvi ambayo Outi, bosi wangu, ameiweka kwa ajili ya ngazi tu. Ni njia moja tu nyeusi katika Oulu nzima, nayo ni yangu. Nilipogeuka kuitazama machozi yalinilengalenga.

Nikamwambia Irmeli kesho apite kwangu, atadhani ni Julai. Akasema sawa, kwa ajili yangu atapita. Kwa ajili yangu! Ilmo kwaheri.

Alhamisi, 9 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Jana mchana jua lilitoka, chumvi ikayeyusha theluji ya pembeni, maji yakatiririka njiani. Jioni baridi ikashuka hadi chumvi haina kazi tena. Asubuhi njia yangu ilikuwa nusu lami kavu, nusu kioo. Chini ya daraja walimu watatu walikuwa wamekaa chini kama wako kwenye mkutano.

Bi Helvi, jirani yetu, akaja na sleji yake ya kusukuma kwa mguu, kikapu cha sokoni mbele. Kwenye lami ikakwama kabisa. Akaivuta, akaikokota, akafika kwenye barafu, na hapo sleji ikaondoka peke yake ikamwacha amesimama. Akanigeukia taratibu. "Mwanangu," akasema, "theluji ilikukosea nini?"

Irmeli alipita kama alivyoahidi. Kwa miguu. Alisukuma baiskeli huku ameshika ukuta wa daraja, akanitazama mara moja, kisha akakata kupitia vichakani hadi njia ya mto.

Outi amepiga simu. Ni mdogo kuliko binti yangu na ananiita mzee kila akitaka kunikaripia. "Mzee Taisto, watu wa hapa wanataka theluji nyeupe iliyoshindiliwa. Nani amekuomba lami? Lami wataiona mwezi wa tano."

Chakula cha jioni supu ya njegere, kama kila Alhamisi. Neno pekee mezani lilikuwa haradali. Nikaisogeza.

Jumatatu, 13 Februari

Tangu Alhamisi nimetafakari. Njia yangu haiwezi kuwa nzuri kuliko yake kwa sasa. Basi yake na iwe mbaya kuliko yangu. Hesabu ni ile ile.

Nimechukua ndoo ya kokoto nyekundu za bohari yetu, za kumwaga njiani watu wasiteleze, zile zenye ncha, ambazo mtu mwenye akili hamwagi mahali pa baiskeli bila kuzichekecha. Nimezimwaga mwanzo wa njia ya Ilmo na kuzifunika kwa theluji kidogo. Watu watapata pancha, watamlaumu Ilmo, sifa zitakwisha, Irmeli atarudi kwangu. Sioni kasoro.

Jumanne, 14 Februari

Pancha imepatikana moja tu. Ya Irmeli.

Watu wote wa kaskazini ya mji wamepita juu ya kokoto zile na matairi yao ya misumari ya kushika barafu bila kuhisi chochote. Lakini tairi la nyuma la mke wangu limechakaa. Mimi ndiye niliyeahidi kulibadilisha vuli iliyopita.

Na aliyemkuta ni nani? Amesimulia mwenyewe, mashavu mekundu, kwa furaha ambayo sijaiona tangu tuliponunua jokofu. Ilmo alisimamisha trekta. Ilmo alimketisha ndani kwenye joto. Ilmo alimmiminia kahawa kutoka chupa yake, akaziba tairi kwa mikono mitupu kwenye baridi ile, akajaza upepo, akamtakia heri ya Siku ya Marafiki. Nilikuwa nimesahau kwamba leo ni Siku ya Marafiki. Ilmo hakusahau.

Nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba hata mimi nina chupa ya kahawa. Akasema anajua.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema. Lakini hawakusema kwamba ndani ya kisima atamkuta Ilmo anamnywesha mkewe kahawa.

Jumapili, 19 Februari

Irmeli ameoka maandazi ya krimu, yale ya kuikaribisha Kwaresima. Nyumba hii ni nyumba ya jemu. Tangu tuoane krimu yetu inakaa juu ya jemu ya rasiberi, na wale wanaotia lozi iliyosagwa tunawaonea huruma. Leo nimeona trei mbili. Moja ya jemu. Nyingine ya lozi.

Nikauliza lozi ni za nani. Akasema za mtu. Kabisa hivyo, za mtu. Nikatoka kwenda kukata kuni ambazo zilikuwa zimeshakatwa.

Jumatatu, 20 Februari

Nimemwona. Amekaa ndani ya trekta yake karibu na duka, mkebe wetu wa bluu magotini, krimu kwenye masharubu, anatafuna lozi na macho ameyafumba.

Jioni nikamkabili Irmeli. Nilikuwa na hotuba. Nikaanza na ndoa, nikapitia uaminifu, nikafika kwenye mkebe. Hakunikatiza. Aliponiona nimeishiwa pumzi akaenda kwenye koti lake, akarudi, akaweka kitu kwenye kisahani changu kando ya sukari. Kokoto. Nyekundu.

"Ilmo anamwaga za kijivu," akasema. "Maandazi ni ya aliyeliziba tairi. Hii ni ya aliyelitoboa."

Akaendelea, na sauti yake haikuwa kali, ingekuwa kali ningejitetea. Akasema, Taisto, mimi nilibadilisha njia, sikubadilisha mume. Na Jumamosi utaingia sauna peke yako.

Jumamosi peke yangu! Kila Jumamosi tunaoga mvuke wa sauna pamoja, hatujawahi kuachana, hata mwaka ule tulipogombana kwa sababu ya rangi ya uzio. Kokoto bado iko mezani. Hakuna anayeiondoa.

Jumanne, 21 Februari

Leo nimeendesha kwa hasira. Bapa likagonga mfuniko wa chuma wa mtaro na kupasuka katikati.

Outi hakupiga kelele, alishusha pumzi tu. Akanipa bapa kuukuu lenye meno lililokuwa nyuma ya bohari tangu enzi za baba yake, na trekta ya akiba isiyoweza kumpita mtembea kwa miguu. Nikalalamika kwamba ni aibu. "Mwenda pole hajikwai, mzee," akasema. "Na wewe umejikwaa sana mwezi huu."

Bi Helvi alinipita na sleji. Alinipungia.

Alhamisi, 23 Februari

Jambo la ajabu. Sijui limetokeaje.

Meno ya lile bapa yamenyoa matuta yote na kuacha mistari myembamba, kama kichwa kilichochanwa. Theluji ni nyeupe, ngumu, tairi linashika. Mwalimu mmoja ameniinulia kidole gumba, yule yule aliyekaa chini ya daraja. Na muda wa kahawa, nilipokuwa hata simngoji, Irmeli akapita. Juu ya baiskeli. Akaachia mpini mkono mmoja akanipungia.

Nilimwaga kahawa yote mapajani. Sikusikia joto.

Jumamosi, 25 Februari

Niliingia sauna peke yangu kama nilivyohukumiwa. Nikamwaga maji juu ya mawe, nikainama. Mlango ukafunguliwa. Irmeli, na soseji mbili za kuchoma. Akasema nisogee.

Tukakaa. Akasema sasa njia yangu haimtikisi meno, na kwamba kizuri chajiuza, hakikuhitaji chumvi wala kokoto wala hotuba. Ulihitaji tu kwenda polepole, mume wangu. Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa. Nilikuwa na furaha hadi nikamwambia kwamba Ilmo ni fundi mzuri. Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe.

Kwa furaha hiyo, Jumatatu nitaipanua njia pande zote mbili. Apite kama malkia.

Jumanne, 28 Februari

Njia yangu ni pana na nyeupe, haijapata kutokea. Asubuhi nikaegesha chini ya daraja, kahawa mkononi, tabasamu tayari.

Irmeli akaja. Kando yake, bega kwa bega, juu ya baiskeli, Ilmo Saarela. Wanacheka.

Ilmo akasimama akanishika mkono. Akasema zamu yake ikiisha huwa anarudi kwake mjini kwa baiskeli, na tangu wiki iliyopita anapita kwangu, kwa sababu hakuna njia nzuri kama hii mji mzima. "Umetuaibisha wote, ndugu yangu. Tena umeipanua, watu wanaweza kwenda wawili wawili wakapiga soga." Irmeli akanitazama kwa fahari. Wakaondoka. Wawili wawili. Wakipiga soga.

Nimefikiri siku nzima. Kwanza niliamua kesho nisafishe upana wa mtu mmoja tu. Lakini hapo mmoja atatangulia na mwingine atafuata, na Ilmo kwa adabu zake atamtanguliza Irmeli, kisha atamtazama mgongo hadi mjini. Hapana.

Nimepata lililo bora. Nyuma ya bohari ya kampuni yao kuna rundo la kokoto za kijivu. Za kijivu hakuna atakayeniwekea kwenye kisahani. Nitazimwaga upande wa kushoto tu, ndiko anakoendesha Ilmo. Na ikitokea kwa bahati mbaya zikampata Irmeli, maana tairi lile bado sijalibadilisha, mimi nitakuwa pale pale chini ya daraja, na pampu mpya niliyonunua leo na chupa ya kahawa moto.

Lozi siipendi hata kidogo. Lakini akiniokea maandazi yake, nitakula.