Moja, Sifuri Tisa, Moja

Jumatatu, 4 Machi
Imebaki nafasi moja katika timu ya hisabati. Mwalimu kasema ataitoa Ijumaa kwa atakayeandika ubaoni namba tasa kubwa kuliko za wenzake, na kuitetea. Naitaka. Kompyuta naye anaitaka. Ndivyo tunavyomwita, hukaa nyuma yangu na hupumua kwa kelele akikokotoa. Tatizo ni kwamba mbele ya watu sauti hunikimbia. Mpango: namba yenye sura nzuri kiasi kwamba sitahitaji kusema lolote.

Nimeipata! 10000000001. Moja, sifuri tisa, moja. Isome kutoka mbele au nyuma, ni ile ile. Kitu kizuri hivi kitagawanyikaje?

Jumanne, 5 Machi
Mbili hapana, inaishia na moja. Tatu hapana, tarakimu zake zote ukizijumlisha ni mbili tu. Saba inabakiza tano. Kumi na moja inabakiza mbili. Kila ninayoijaribu inashindwa kwa namna yake. Nimeanza kuipenda.

Daftari limejaa. Nimehamia kwenye karatasi anazochorea Baba vipimo vya suruali. Ni fundi cherehani, anazo tele. Hatajua.

Jumatano, 6 Machi
Amejua. Nilipogawa kwa 89 ilibaki 51, nikaizungushia duara kwa furaha. Baba akaiona kwenye karatasi ya mteja, akadhani ni kiuno. Mteja ni Mwalimu wetu wa hisabati, mtu mwembamba kama chaki. Alipoijaribu suruali akauliza kwa upole kama mwenzake wa kuingia naye yuko njiani. Baba akacheka naye mpaka mlangoni. Akarudi bila kicheko.

"Haya, msomi," akaniambia. "Kaa hapo ufumue."

Alhamisi, 7 Machi
Jioni nzima nafumua. Vidole vinauma, kichwa kiko huru. Jedwali la namba tasa nyuma ya kitabu chetu linaishia 97, na 97 nayo imeshindwa. Wazo likanijia: baada ya 97 kuna nini? Nikalifukuza. Waliochapa kitabu walijua pa kuishia.

Dada kapita, akauliza nimejaribu mpaka wapi. Mpaka mwisho, nikamwambia. Akaguna. Dada hupenda kuguna.

Ijumaa, 8 Machi
Niliiandika. Nikapata hata ujasiri wa kusema neno moja: tasa. Kompyuta akainua mkono polepole, kama anayeomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

"Samahani, ndugu yangu. Mia moja na moja umeijaribu?"

Sikuwa nimeijaribu. Tukagawa ubaoni, yeye akitaja, mimi nikiandika. 99009901. Hakikubaki kitu. Lakini itazame! Nilisahau aibu yote, nikawaambia kwa sauti kwamba jibu ni zuri kuliko namba yenyewe. Wakacheka.

Nafasi kapewa Kompyuta, kwa namba ya tarakimu nne. Mwalimu akanieleza kwamba namba kama yangu hujaribiwa mpaka kwenye laki moja ndipo uitangaze. Kisha akauliza suruali itakuwa tayari lini.

Jumamosi, 16 Machi
Kumbe kuna nafasi ya mchezaji wa akiba! Itatolewa Jumatatu kwa masharti yale yale. Nimeongeza sifuri sita: moja, sifuri kumi na tano, moja. Dada kaniachia kitabu chake cha zamani, chenye jedwali refu la ajabu. Linafika 349, hapo panya wamekula ukurasa. Namba yangu imezishinda zote, na nimekagua mara mbili. Tasa kabisa! Hayo ya laki ni kwa watu wasio na kitabu kizuri.

Karatasi za Baba sikuzigusa hata moja. Nimetumia chaki yake, kwenye kitambaa alichokitandaza mezani.