Binti Yangu Ameandika Ukweli katika Kazi Niliyoinakili

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Elimu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeshakunywa chai, maana yaliyomo ni mazito.

Mimi ni yule mwanafunzi mwenye mvi anayeketi karibu na dirisha. Kazini waliniambia nisipopata shahada nitastaafu nikiwa karani, basi nikajiandikisha chuoni, nisijue kwamba binti yangu wa mwisho amepangwa darasa hilohilo. Juzi kamati yako ilinitia hatiani kwa kunakili kazi yake ya somo la malezi. Sikatai kwamba nilinakili. Ninayemlalamikia ni yeye, kama ifuatavyo:

1. Ni kweli niliifungua kompyuta yake alipokuwa akioga. Lakini kompyuta niliinunua mimi, na anayeitumia nilimzaa mimi. Sasa hapo aliyeibiwa ni nani?

2. Mnauliza kwa nini wanafunzi wananakili. Mimi nafika darasani nimechoka hoi, mhadhiri anasema, "Jadili kwa kina." Kina kipi, Mheshimiwa, na macho yanajifumba yenyewe? Ukijadili kwa maneno yako, anakuandikia pembeni, "Nani kasema?" Ukiweka maneno ya waliosema, anauliza yako yako wapi.

3. Binti hakunitahadharisha kwamba swali lilimtaka kila mtu aeleze alivyolelewa yeye mwenyewe. Nilibadilisha jina tu, nikaikabidhi bila kuisoma. Ndipo mhadhiri aliposimama mbele ya kamati akasoma kwa sauti, kwa jina langu: "Nilivunja ungo baba akiwa safarini." Wajumbe wote wakanitazama ndevu.

4. Hili ndilo lililoniuma. Mhadhiri hakuishia hapo, akaendelea: "Baba hajawahi kuniuliza nimeshindaje. Huuliza nimepata ngapi. Nilipopata themanini, aliuliza ishirini zimekwenda wapi." Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, akanigeukia kwa huruma. "Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Mzazi wako alikuwa mgumu." Nikamjibu, "Asante."

Nilirudi nyumbani nikamkuta binti anapiga pasi. Nikamuuliza, "Mwanangu, umeshindaje?" Akaiweka pasi chini, akaja kunishika paji la uso. "Baba, unaumwa?"



Kwa hiyo naomba aonywe vikali asiandike tena mambo ya kweli katika kazi ambayo mtu yeyote wa familia anaweza kuinakili. Vilevile, zile alama za juu alizopewa tugawane sawasawa, kwa kuwa malezi yenyewe niliyatoa mimi.

Nisalimie wahadhiri wote, hata yule mwenye sauti kubwa, na mlinzi wa maktaba ambaye hadi leo anadhani nimekuja kumfuata mtoto.

Wako mtiifu,
Baba wa Mwanafunzi, ambaye pia ni Mwanafunzi

N.B. Kazi ya marudio nimeiandika mwenyewe kwa mkono wangu, kuhusu marehemu baba yangu. Asubuhi hii nimegundua kwamba jamaa anayeketi nyuma yangu ameinakili yote, hadi machozi niliyomwaga makaburini. Huo ni wizi mtupu, hauna utetezi wowote, na naomba afukuzwe chuo leo hii. Watoto wa marehemu tunajuana, na huyo hatumtambui.