Tera Mbili kwa Tanki Lililojaa

Modest alikuwa kwenye benchi la banda la gemu la Saidi, pale Chemchem, hana mpango wa kucheza, anafaidi feni tu, ndipo vijana walipotaka kuzichapa.

Siyo kwa sababu ya bao. Bao wangelimaliza kwa matusi ya kawaida. Hii ilikuwa kesi kubwa: mashine imejaa. Kioo kimeandika hakuna nafasi, futa kitu. Haya, kifutwe nini?

"Futa mieleka!"

"Mieleka imekula ugali wako? Futa magari!"

"Ukifuta magari, na mimi nafuta hiyo sura."

Saidi akapandisha pedi ya kuchezea juu ya kichwa, isifikiwe na mtu. "Tulieni! Hadidiski ya humu ndani, inayobeba gemu, ni ndogo. Mpira wa mwaka huu ukiingia unataka kitanda kizima peke yake, wengine walale chini. Na siyo sisi tu. Hata Mama Gemu kule Ipuli analia. Kasema mtu akimpelekea hadidiski ya tera mbili ya kuchomeka kwa nje, anampa ile pikipiki yake nyekundu. Siyo kumkodisha. Anampa."

Modest akalisahau feni.

Hapa inabidi umjue kidogo huyu kijana. Jina alipewa na paroko, tabia akajitafutia mwenyewe. Ndiye aliyewahi kuuza mjini bando la intaneti lisiloisha, na kweli halikuisha, maana halikuanza. Shati lake muda wote limenyooka. Maneno yake yametiwa mafuta. Akikusalimia, unajikuta unashika mfuko.

Lakini wiki hiyo alikuwa na shida ya kweli, shida ya moyo. Kuna binti anaitwa Recheli, alisoma chuo hapa Tabora, sasa yuko kwao Igunga. Modest anampenda, na hapo hakuna utapeli. Utapeli uko kwenye aliyomwambia. Alimwambia yeye ni injinia wa memori. Alimwambia ana pikipiki. Alipoulizwa rangi, mdomo ukamtangulia: "Nyekundu."

Jumamosi hii alitakiwa Igunga kujitambulisha. Na baba yake Recheli, Mzee Octavian, mwenye mpunga, mwenye ng'ombe, mzee wa kanisa la Moraviani, alishatoa tamko: kijana anayekuja kuposa kwa basi hata maamuzi yake ya ndoa atapangiwa na konda. Aje na chombo chake, au abaki kwao.

Leo Alhamisi. Chombo hakuna. Halafu Saidi anasema nyekundu!

"Saidi, kaka yangu," Modest akasema, anakunja mikono ya shati, "huyo mama anakaa nyumba ipi?"

Usiku huohuo kazi ikaanza. Kwa fundi simu mmoja akaokota kasha la hadidiski iliyokufa zamani. Ndani akaweka kadi ndogo ya kumbukumbu, ya saizi ya ukucha, ile ya kuwekea nyimbo na picha za kipaimara. Akaichezea kwa kompyuta mpaka ikajiona kubwa, ikawa ukiichomeka inasema: mimi ni tera mbili. Yaani inajitambulisha kama Modest mwenyewe, kwa cheo ambacho haina. Kasha likawa jepesi mno, akaongeza nati ya trekta na gundi. Sasa likashikika. Likawa na uzito wa heshima.

Na wala usimshangae. Mji huu misafara ilikuwa inatua hapa enzi za pembe na shanga, watu wanapimiana nguo kwa mkono, na kila mtu anamleta mwenye mkono mrefu anaponunua na mwenye mkono mfupi anapouza. Modest alikuwa anaendeleza urithi wa taifa.

Ijumaa mchana akapiga hodi Ipuli.

Mama Gemu alikuwa mama mpana, mwenye sauti ya kuamsha walevi. Upande mmoja wa banda lake vijana wanacheza gemu, upande wa pili anauza asali. Modest alimkuta ameinama juu ya ndoo ya asali iliyoletwa na mzee mmoja kutoka porini. Mzee anamwonjesha kwa kijiko.

"Onja mwenyewe, mama. Ya miombo hii."

"Juu nimeona, baba. Juu kila mtu ana asali." Akachomoa kijiti kirefu, akakizamisha mpaka kikagonga chini, akakivuta taratibu. Nusu ya juu ilitoka na asali nzito. Nusu ya chini inachuruzika kama chai. "Huku chini umeweka maji ya sukari. Mzee mzima!"

Mzee akabeba ndoo yake, akaondoka anasingizia nyuki.

Modest alicheka mpaka akashika ubavu. Watu wengine bwana, wanadanganya kizamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wewe ndiyo injinia?"

"Ndiyo mimi. Nimesikia una tatizo la nafasi."

"Tatizo? Huu msiba! Jana nimefuta mieleka, wateja wamehamia kwa jirani. Leo wakirudi wanataka magari, magari nayo yametoka. Imekuwa kazi yangu kufukuza na kurudisha kama mama mkwe."

Modest akaweka kasha mezani, taratibu, kama anaweka mtoto mchanga. Nati ikasema *ko* kwenye mbao. Mama Gemu akalipima kwa kiganja.

"Zito."

"Ndiyo data hiyo mama. Tera mbili. Unaweka mpira, mieleka, magari, vita, na bado kuna sebule ya kupokelea wageni."

Akachomeka. Kioo kikafikiri kidogo, kikaandika nafasi iliyopo. Banda zima likapiga kelele. Mtu mmoja alirusha ndala. Modest akapakia kagemu kadogo ka kuendesha baiskeli, kakaingia, kakacheza, safi kabisa.

"Umeona? Mimi naweza kudanganya, mama. Kioo hakidanganyi."

"Kioo hakidanganyi," Mama Gemu akarudia polepole, kama mtu anayeonja kitu. "Masharti?"

"Mawili tu. Pakia gemu moja kwa siku, usiichoshe ikiwa ngeni. Halafu hili kasha usilifungue kabisa. Hewa ikiingia, data inachuja."

"Inachuja! Makubwa."

"Ndiyo sayansi, mama yangu."

Mama Gemu akafuta mikono kwenye kanga, akamtoa nje. Pikipiki ilikuwa pale, nyekundu, inang'aa, imepakwa mafuta mpaka kwenye tairi. Moyo wa Modest ukaruka. Akaiona Igunga. Akaiona sura ya Mzee Octavian inalainika kama siagi juani.

"Mafuta?" akauliza, maana mtu mjanja lazima aulize.

Mama Gemu akawasha ufunguo. Mshale wa mafuta ukapanda, ukakaa kwenye kujaa, ukatulia kama mfalme. "Full tanki. Nakupa na mafuta yake. Ila tanki usilifungue njiani, jua hili la sasa hivi litayanywa yote. Na leo usizunguke nayo sana, imekaa, izoee kwanza."

"Sawa kabisa. Na kadi yake ya umiliki?"

"Kadi iko kwa kaka yangu. Mtaonana tu, atakukabidhi."

Modest hakuuliza kaka yupi. Kesho angekuwa Igunga, keshokutwa mchumba wa mtu, na kasha lingekuwa limeanza kumeza gemu. Kadi ya nini? Akaondoka anapiga honi kwa watu asiowajua. Usiku ule aliilaza pikipiki chumbani, karibu na kitanda, akaifunika shuka lake jipya. Yeye alijifunika kanga.

Jumamosi asubuhi suti, miwani, manukato. Barabara ya Nzega ni lami tupu na miombo pande zote, na Modest anaongea peke yake ndani ya helmeti, anafanya mazoezi. "Shikamoo baba. Hii? Aa, kachombo ka kutembelea tu, baba." Anabadilisha sauti. "Kachombo tu." Akauangalia mshale. Umejaa. Akakaza mwendo. Akauangalia tena. Umejaa vilevile. Akasema moyoni, hii pikipiki hainywi! Huyu mama ni mjinga kiasi gani kutoa chombo kama hiki?

Nzega imepita, Igunga imebaki kilomita kama kumi na tano, pikipiki ikakohoa.

Ikakohoa tena. Ikazimika.

Modest akapiga kiki. Akapiga kiki mpaka suruali ya suti ikalalamika kwenye mshono. Akaangalia mshale. Umejaa, umetulia, hauna habari. Akageuza koki ya mafuta kwenye akiba, ikaguna kidogo, ikafa moja kwa moja. Ndipo alipofungua kifuniko cha tanki, lile ambalo sayansi ilimkataza.

Ndani hakukuwa na harufu ya kutosha hata kiberiti. Chini ya kifuniko kulikuwa na kijiti kirefu, kimefungwa uzi. Akakivuta. Kikavu, juu mpaka chini.

Pacha wa kile cha asali.

Akapiga simu. Mama Gemu akapokea mlio wa kwanza.

"Mama, pikipiki imezimika!"

"Pole baba. Kwani mshale unasemaje?"

"Unasema limejaa, lakini..."

"Basi limejaa. Kioo hakidanganyi."

"Mama, tusifanyiane hivyo, mimi niko porini!"

"Na mimi jana nilikuwa bandani. Nimepakia mpira, ukaingia. Mieleka, ikaingia. Magari, yakaingia. Nikasema kumbe kijana mkweli! Nikarudi kuufungua mpira, nikakuta limebaki jina tu, ndani kweupe. Kila anayeingia anamfuta aliyetangulia. Nikafungua kasha. Modest, mwanangu, nati ya trekta?"

Modest akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu kubatizwa.

"Dumu la mafuta lilikuwa nyuma ya mlango linakusubiri," Mama Gemu akaendelea, na sauti ilikuwa ya upole, ndiyo ikazidi kuuma. "Ungeleta hata ndogo, ukasema shangazi hii ni ndogo ila ni ya kweli, ningekuletea mafuta chumbani kwako usiku uleule na mshale ule mbovu ningekuonyesha."

"Shangazi?"

"Hukuambiwa Recheli ana shangazi Tabora? Advera? Mama Gemu ni jina la wateja. Octavian ndiye yule kaka yangu mwenye kadi. Alinipigia akasema, dada, kuna injinia huko mwenye pikipiki nyekundu anataka binti yetu, hebu mwangalie. Mimi kwa juu nimekuangalia, baba. Suti safi, maneno matamu. Ikabidi nizamishe mpaka chini."

Simu ikakatika. Modest akakaa kwenye ukingo wa lami, miguu kwenye majani. Kumbe Saidi naye alitumwa! Kumbe hata rangi ilichaguliwa kwa ajili yake!

Basi likatokea. Akasimama katikati ya njia, anapunga mikono miwili. Likapunguza mwendo, konda akatoa kichwa dirishani.

"Kaka, naenda Igunga! Nafasi ipo?"

Konda akageuka ndani, kama anaomba ruhusa. Dirisha la pili alikuwa amekaa mama mpana, kasha la hadidiski mapajani limefungwa utepe kama zawadi. Pembeni yake kiti kitupu. Nyuma yake vitupu viwili.

"Imejaa, kaka!" konda akasema.

"Mbona viti naviona?"

"Wewe unaona viti. Sisi tunaangalia mshale."

Basi zima likalipuka kicheko, likaondoka na moshi wake, na mkono wa shangazi ukapunga dirishani mpaka kona.

Simu ikalia. Ujumbe, Recheli: *Shangazi kaniambia yote. Baba ameenda kuitafuta kadi ya pikipiki. Chakula cha wageni kinaliwa saa kumi. Ukifika kwa miguu ukasema umekuja kwa miguu, utakuta sahani yako. Ukisema neno jingine, usifike.*

Modest aliusoma. Akausoma tena. Akavua koti, akalitundika kwenye usukani, akaanza kuisukuma ile pikipiki kuelekea Igunga, kiatu cha ngozi kinalia kila hatua, na bila sababu ya maana akaanza kucheka peke yake. Sahani ipo!

Mbele kidogo mtu wa baiskeli, amebeba mkaa, akamkuta. Akashuka.

"Vipi kaka, mbona unasukuma?"

Modest akafungua mdomo. Maneno yaliyotiwa mafuta yakajipanga yenyewe nyuma ya meno, matano, sita, yote matamu. Akayameza. Akasema neno ambalo hakulizoea, mpaka likamkwaruza koo.

"Mafuta hamna. Nilitapeli, nikatapeliwa. Tanki tupu."

Yule mtu akaweka stendi. Akasogea, akainama, akageuza ufunguo mwenyewe. Mshale ukapanda, ukakaa kwenye kujaa.

Akamtazama Modest, suti, miwani, jasho.

"Kijana," akasema, anapanda baiskeli yake, "mtu mzima kama wewe, barabarani, asubuhi yote hii, unaanza uongo?"