Mashine Isiyohifadhi Maendeleo

Nina heshima kubwa kuutangazia umma kwamba taifa limefanikiwa kupunguza. Kilichopunguzwa ni mashine ya gemu ya nyumbani, toleo jipya na nafuu, lililosanifiwa upya na wataalamu wetu wenyewe.

Mashine ya kwanza ilikuwa nzuri mno, ndiyo maana hakuna aliyeimudu. Basi Mamlaka ya Burudani za Majumbani ikaunda Kamati ya Upunguzaji, mimi nikiwa Katibu. Tuliketi vikao kumi na vinne, chai ikiwemo. Tulianza kwa kutoa rangi. Kisha tukatoa pedi ya pili ya kuchezea, kwa hoja nzito kwamba anayecheza peke yake hana wa kugombana naye. Bado ilikuwa ghali. Ndipo nilipoona ndani yake kidude kisichozidi ukucha, kimekaa tu, hakiwaki wala hakilii.

"Hiyo ni memori," alisema fundi wetu mkuu, mama mmoja tuliyemwita Mama Risasi kwa sababu ya risasi anayoitumia kulehemu. "Ndiyo inayohifadhi maendeleo ya mchezaji. Ukiitoa, mtu akizima mashine, kesho anaanza moja."

"Kwani wananchi hawajazoea kuanza moja?" niliuliza.

Kamati ilipiga makofi.

"Katibu, watu watalia."

"Mama, usituletee nuksi. Kama huwezi kuitoa, sema. Fundi mwingine yuko hapo mlangoni."

Mama Risasi analea wajukuu watatu kwa mshahara ule. Aliitoa. Akaomba tu kuandika maneno machache kwenye skrini, mtu asije akadhani mashine imekufa. Niliyaidhinisha papo hapo bila kuyasoma, kwa ajili ya kuokoa muda.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Mheshimiwa Waziri, akiwa na kipaza sauti kwenye kola, alipangiwa kucheza dakika tano gemu ya kujenga mji. Alicheza arobaini. Koti alivua, simu za wakubwa hakupokea. Akajenga zahanati mbili, soko na daraja, kwa kasi ambayo sijapata kuishuhudia tangu aingie madarakani miaka tisa iliyopita. Ukumbi mzima uliufuata mchezo kwenye skrini kubwa nyuma yake. Daraja lilipokamilika, niliruka ili niwe wa kwanza kupiga makofi, mguu ukanasa kwenye waya, mashine ikazimika.

Ilipowaka tena, mji haukuwepo. Kulikuwa na maandishi makubwa meupe:

HAKUNA MAENDELEO YALIYOPATIKANA. ANZA UPYA.

Waziri alisimama, jasho linamtiririka. "Maendeleo yangu yako wapi?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Sauti ilifika hadi barabarani.

"Hata sisi ndilo tunalouliza, Mheshimiwa!" alijibu mama muuza viatu wa mstari wa tatu.

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mimi nilieleza kwa utulivu kwamba uamuzi ulikuwa wa pamoja, lakini kila mjumbe wa Kamati alikuwa ananinyooshea kidole. Mama Risasi akapanda jukwaani na bisibisi yake.

"Mheshimiwa, memori naweza kuirudisha. Niirudishe kwenye mashine yako tu, au kwenye zote?"

Waziri alinitazama. Nilitikisa kichwa kukataa, kama bajeti inavyoelekeza. Akautazama ukumbi.

"Zote," alinong'ona, amekifunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Hatujasikia!" ukumbi ulipiga kelele.

"Zote! Na huyu mama asiguswe na mtu!"

Mama Risasi alicheka kwa mara ya kwanza tangu kikao cha kwanza, nami, nakiri, roho iliniuma. Waziri aliniuliza kama najua kulehemu. Nilisema sijui. Akasema nitajifunza, chini ya mama huyo.

Mama Risasi alipomaliza kuirudisha memori ya mashine ile, Waziri akaketi haraka, akakunja mikono ya shati na kunyoosha mkono kuchukua pedi. Muuza viatu alikuwa ameshaiwahi.

"Samahani, baba," alimwambia kwa adabu zote. "Wewe umeshacheza miaka tisa. Tupishe na sisi tujenge."